Ugonjwa wa Mapumbu katika Mbwa Dume, na Utasa Unaotokana Nao

Katika vijiji vingi vya Kongo, hasa vile vilivyo kando ya pori la Ituri, mbwa si kitu cha mchezo. Ni mwenzi wa mwindaji. Yeye hunusa njia ya mnyama na kumfukuza mpaka kwenye wavu. Kengele ya mti iliyofungwa shingoni mwake humwonyesha mwenyewe pahali alipo, kwa maana mbwa wale wa pori hawabweki sana kama mbwa wengine. Watu wa Ulaya waliwaita Basenji, na mwaka 1937 waliwaonyesha London katika maonyesho makubwa ya mbwa. Lakini babu zetu waliwajua zamani sana, na nyumba yenye mbwa hodari ilikula nyama.

Basi dume hodari akiacha kuzaa, hasara ni ya nyumba nzima. Mzee wa mbwa akifa bila kuacha watoto wenye pua kama yake, mwindaji hana wa kumfuata porini.

Jambo hili likitokea, watu husema nini? Wengine husema, “Dume amerogwa na jirani mwenye wivu.” Wengine husema, “Jike ndiye mbaya,” na wanampiga au kumwua. Lakini mara nyingi sababu iko katika mapumbu ya dume mwenyewe. Si uchawi. Ni ugonjwa unaoweza kuonekana kwa macho na kusikiwa kwa vidole.

Pengine utauliza, “Kwa nini kitabu cha hospitali ya watu kinaandika habari za mbwa?” Tunajibu hivi: mmoja wa magonjwa haya unaweza kutoka kwa mnyama na kuingia kwa mtu. Tena, mtu akifahamu sababu ya utasa katika mbwa wake, atafahamu vizuri zaidi mambo yanayoleta huzuni katika nyumba za watu.

1. NAMNA VIUNGO VYA DUME VINAVYOFANYA KAZI

Mungu alimpa mbwa dume makende mawili, akayaweka ndani ya mfuko wa ngozi ulio nje ya tumbo. Kwa nini nje? Kwa sababu mbegu za uzazi haziwezi kutengenezwa vizuri katika joto la tumbo. Mbwa mzima ana joto la digrii 38 hadi 39 hivi. Makende yanataka joto dogo kuliko hilo, pungufu kwa digrii chache. Wakati wa baridi mfuko unajikunja na kuyavuta makende karibu na mwili. Wakati wa jua kali unalegea ili yapoe. Kumbuka jambo hili, kwa maana tutalirudia.

Ndani ya kila kende kuna vimirija vyembamba sana. Humo mbegu zinatengenezwa, na kazi hiyo inachukua siku 62 hivi. Kisha mbegu zinaingia katika mrija mmoja mrefu uliojikunja-kunja juu ya mgongo wa kende. Humo zinakaa karibu majuma 2 mpaka zikomae. Mrija huo ni kama ghala ya mbegu. Ukishika kende la mbwa mzima kwa upole, utausikia kama kamba laini upande mmoja.

Basi tangu mwanzo mpaka mwisho, mbegu moja inataka majuma 10 au 11 ili iwe tayari. Fikiri juu ya shamba la mpunga. Ukikanyaga miche leo, hutaona njaa leo, kwa maana ghala ina mpunga wa zamani. Njaa itakuja baada ya miezi. Vivyo hivyo dume aliyepata homa kali leo anaweza bado kuzalisha kwa mbegu za ghala, kisha baada ya majuma kadhaa anakuwa tasa, na mwenyewe hakumbuki tena ile homa.

Kuna jambo lingine. Makende yana kazi mbili. Kazi moja ni kutengeneza mbegu. Kazi nyingine ni kutia katika damu ile nguvu inayomfanya dume kuwa dume. Ugonjwa unaweza kuharibu kazi ya kwanza na kuiacha ya pili. Ndiyo sababu dume tasa anaweza kutafuta jike, kumpanda, na kushikamana naye kama desturi. Kupanda si ushuhuda wa kuwa na mbegu.

2. UTASA WA KUZALIWA NAO NA UTASA WA KUPATA

Kuna dume asiyezaa tangu kuzaliwa. Pengine makende yake hayakushuka. Mtoto wa mbwa akifika miezi 6 na makende mawili hayamo ndani ya mfuko, usingoje tena. Kende lililobaki tumboni linakaa katika joto, halitengenezi mbegu, na katika uzee linaweza kuota uvimbe mbaya kwa urahisi kuliko kende lililoshuka. Kama kende moja limeshuka na lingine halikushuka, dume anaweza kuzaa, lakini usimzalishe, kwa maana watoto wake wanaweza kurithi kasoro hiyo.

Utasa tunaoufundisha hapa ni wa namna nyingine. Ni ule wa dume aliyekwisha kuzaa watoto, kisha akaacha. Kitu fulani kimemwingia na kumharibu. Kazi yetu ni kujua kitu hicho ni nini.

3. SABABU ZA MAKENDE KUVIMBA

Sababu ya kwanza ni vidonda. Madume wanapigana kwa ajili ya jike, na jino la mbwa ni chafu. Linatoboa ngozi kwa tundu dogo, lakini chini yake linapanda vidudu. Miiba, waya za mitego, na mawe yaliyotupwa na watoto yanafanya vilevile.

Sababu ya pili ni vidudu vinavyopanda kwa njia ya mkojo. Chini ya kibofu cha dume kuna tezi inayozunguka njia ya mkojo. Tezi hiyo ikioza, usaha na vidudu vinaweza kushuka kwa mirija ya mbegu mpaka kwenye makende. Dume huyu anakojoa kidogo-kidogo, pengine mkojo una damu, naye anajikaza anapokwenda choo.

Sababu ya tatu ni vidudu vinavyokuja kwa damu. Katika hivi, kilicho kibaya zaidi kwa uzazi ni kile kiitwacho Brusela. Tutakifundisha peke yake.

Sababu ya nne ni ugonjwa wa tsetse wa wanyama. Mbwa anayewinda pahali penye tsetse anaumwa na nzi huyo kama vile ng'ombe anavyoumwa. Akipata ugonjwa, anakuwa na homa inayokwenda na kurudi, anakonda, damu yake inakuwa nyepesi, uso na miguu vinavimba, na pengine macho yake yanakuwa meupe kama yenye wingu. Katika madume wengine mapumbu pia yanavimba.

Sababu ya tano ni ugonjwa wa Carré, unaoitwa kwa jina la Mfaransa aliyeuchunguza mwaka 1905. Ni ule unaoua watoto wengi wa mbwa kwa makamasi, kikohozi, kuhara na kutetemeka. Yule anayepona anaweza kubaki na makende yaliyoharibika.

Tena, homa kali yoyote inaweza kuharibu mbegu kwa muda, hata kama makende hayakuvimba. Sababu tumekwisha kuieleza: ni joto.

4. DALILI ZA KUTAZAMA

Ugonjwa huu una namna mbili.

Namna kali inakuja upesi. Mfuko unavimba upande mmoja au pande zote mbili. Ngozi inakuwa nyekundu, ya moto, na yenye kung'aa. Mbwa anatembea akitanua miguu ya nyuma kama mtu mwenye jipu. Hataki kukaa chini. Anatafuta udongo wa baridi na kulala kifudifudi. Hataki chakula. Analamba mfuko mchana na usiku mpaka ngozi inachubuka na kuleta kidonda kipya. Pengine usaha unatoka.

Namna ya polepole ni adui anayeingia kwa siri. Mbwa anakula na kuwinda. Hana homa. Lakini ukishika makende unasikia ya kuwa moja limekuwa dogo kuliko mwenzake, gumu kama mbegu ya mawese, na ule mrija wa mgongoni umekuwa mnene wenye mafundo. Wakati mwingine mwenyewe haoni kitu kabisa ila jambo moja: majike wawili au watatu wamepandwa, wala hakuna aliyezaa.

Kwa hiyo mfundishe mbwa wako tangu utoto kukubali kushikwa. Mara moja kwa mwezi shika mfuko wake kwa mkono safi. Makende mawili yawe ya ukubwa mmoja, laini lakini yenye nguvu, na yateleze ndani ya mfuko bila maumivu. Ukijua hali ya uzima, utatambua ugonjwa mapema.

5. BRUSELA, ADUI WA UZAZI

Jina hili linatoka kwa munganga mmoja wa askari wa Waingereza, David Bruce. Mwaka 1887 alieleza habari za kidudu alichokiona katika maiti za askari waliokufa kwa homa katika kisiwa cha Malta. Huyu ndiye aliyechunguza baadaye ugonjwa wa tsetse wa ng'ombe katika Afrika ya Kusini, mwaka 1895, na kidudu cha ugonjwa ule pia kimepewa jina lake. Mwaka 1897 Bernhard Bang, mtu wa Denmark, aliona kidudu cha jamaa moja na kile cha Malta, kinachofanya ng'ombe kuharibu mimba. Mwaka 1905 munganga wa Malta, Themistocles Zammit, alionyesha ya kuwa mbuzi wa kisiwa wanacho. Watu walikinywa katika maziwa mabichi.

Mbwa anaweza kupata Brusela ya ng'ombe, ya mbuzi na ya nguruwe. Anaipata namna gani? Ng'ombe akiharibu mimba, mchungaji anatupa ndama mfu na kondo la nyuma kando ya zizi. Mbwa anakula. Vitu hivyo vimejaa vidudu kupita vitu vyote. Majuma machache baadaye mapumbu ya dume yanaanza kuvimba, wala hakuna anayekumbuka yule ndama.

Tena kuna Brusela iliyo ya mbwa wenyewe. Ilijulikana mwaka 1966 katika Marekani, wakati Leland Carmichael wa Chuo cha Cornell alipochunguza kwa nini mbwa wengi waliofugwa pamoja walikuwa wakiharibu mimba. Tangu wakati huo imeonekana katika nchi nyingi za dunia.

Katika jike, dalili yake kubwa ni hii: mimba inatoka kati ya siku ya 45 na ya 60, naye anaonekana mzima. Baadaye maji machafu yanatoka kwa majuma kadhaa, nayo yana vidudu. Katika dume, kidudu kinakaa katika ule mrija wa ghala ya mbegu. Kwanza unavimba na kuuma. Dume analamba, ngozi inachubuka. Kisha uvimbe unapungua, na mwenyewe anafurahi akisema, “Amepona.” Hajapona. Kende linanyauka, na kidudu kinabaki katika damu kwa miezi mingi, pengine kwa miaka. Wakati huo wote dume anakitoa katika manii na katika mkojo.

Ona basi hasara yake. Tuseme mwindaji mmoja ana dume wa sifa, na watu wa vijiji vitano wanaleta majike wao kwake. Dume huyu akiwa na Brusela, kila jike anayeletwa anarudi nyumbani na ugonjwa. Jike anampa dume wa kwao. Katika mwaka mmoja kizazi cha mbwa cha nchi nzima kinaweza kuharibika, na watu wataanza kushitakiana kwa uchawi. Kumbe mlango ulikuwa mmoja.

6. NAMNA UVIMBE UNAVYOLETA UTASA

Kuna njia nne.

Ya kwanza ni joto. Uvimbe ni moto. Kende lililovimba linampa joto hata mwenzake aliye mzima, kwa maana wanakaa katika mfuko mmoja.

Ya pili ni kubanwa. Kende limefunikwa na ngozi nyeupe ngumu isiyotanuka. Likivimba ndani, halina nafasi. Vimirija vinabanwa, damu haipiti vizuri, na nyama ya ndani inakufa.

Ya tatu ni kovu. Pahali palipooza panapona kwa kovu, na kovu halina njia. Mrija wa mbegu ukizibwa na kovu, mbegu hazipiti, hata kama zinatengenezwa bado.

Ya nne ni ya ajabu. Mwili una walinzi katika damu wanaowapiga wageni. Mbegu za uzazi zinaanza kutengenezwa wakati mbwa anapokomaa, nazo zinakaa nyuma ya ukuta, hata walinzi hawazijui. Ugonjwa ukivunja ukuta huo, mbegu zinaingia katika damu, na walinzi wanazipiga kama adui. Hivi mwili unaharibu mbegu zake wenyewe, na kazi hiyo inaweza kuendelea hata vidudu vikiisha kufa.

7. USIMHUKUMU DUME KABLA YA WAKATI

Si kila dume asiyezalisha ni mgonjwa. Kwanza uliza habari za jike. Mbwa wengi wa kike wanataka dume mara 2 kwa mwaka, lakini jike wa jamaa ya Basenji kwa kawaida anataka mara 1 tu. Ukikosa majira hayo, unangoja mwaka mzima.

Majira yenyewe yanachukua kama majuma 3. Katika siku 9 za kwanza hivi, damu inatoka, na jike anawafukuza madume. Baadaye damu inakuwa nyepesi, naye anageuza mkia na kusimama. Hizo ndizo siku zenye kufaa. Watu wengi wanamleta jike mapema mno, kisha wanamrudisha nyumbani na kumlaumu dume. Mwache apandwe mara 2 au 3, akipumzika siku moja katikati. Kama mimba imeshika, atazaa baada ya siku 63 hivi.

Ikiwa majike wawili walioletwa katika siku nzuri hawakushika mimba, au jike mmoja ameharibu mimba, basi simamisha kazi ya dume na kutafuta shauri.

8. MSAADA WA NYUMBANI

Ukiona mapumbu yamevimba, fanya hivi:

Mfunge mbwa kinywa kwa kitambaa kabla ya kumshika. Mbwa mpole mwenye maumivu anaweza kumwuma hata bwana wake. Akimaliza kutazamwa, fungua kinywa upesi, kwa maana mbwa anapoa kwa kuhema.

Mweke kivulini, pahali safi, mbali na majike na mbali na mbwa wengine. Mpe maji mengi.

Weka juu ya mfuko kitambaa kilicholowa maji ya baridi, dakika 10, mara 3 au 4 kwa siku.

Kama kuna kidonda, kioshe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kidogo. Kisha osha mikono yako kwa sabuni.

Mzuie asilambe. Kata karatasi ngumu ya sanduku kwa mviringo, toboa katikati, na kumvika shingoni kama kola pana.

Sasa sikia mambo usiyopaswa kufanya.

Usitoboe uvimbe kwa wembe wala kwa sindano. Pengine si usaha. Pengine ni matumbo yaliyoshuka ndani ya mfuko, nawe utamwua. Usichome kwa chuma cha moto. Usipake pilipili, wala petroli, wala maji ya betri. Usikande kwa maji ya moto, kwa sababu joto ndilo linaloua mbegu. Usimpe vidonge vya watu vya maumivu, kama paracetamol au ibuprofen, kwa maana vinaweza kumwua mbwa. Wala usimpe vidonge vichache vya penisilini vilivyobaki nyumbani. Dawa kidogo haiponyi. Inawafundisha vidudu kuizoea.

9. MUNGANGA WA WANYAMA ATAFANYA NINI

Atashika makende na ile tezi ya chini ya kibofu. Atatazama mkojo na damu. Akiwa na mikroskopu, ataweza kutafuta kidudu cha tsetse katika damu, tena ataweza kutazama manii: mbegu ni nyingi au chache, zinaogelea au zimekufa, zina mikia mizuri au imevunjika, na usaha umo au haumo.

Kwa Brusela atapeleka damu kupimwa. Lakini fahamu hili: katika majuma ya kwanza ya ugonjwa, kipimo kinaweza kudanganya na kusema “hakuna.” Pengine zinapita majuma 8 au 12 kabla ya alama kuonekana katika damu. Kwa hiyo mbwa anayeshukiwa apimwe tena, na katikati asipande jike.

Kama vidudu ni vya kawaida, atampa dawa ya kuua vidudu kwa majuma 2 au zaidi. Uimalize yote, hata uvimbe ukipungua siku ya tatu. Kama kende moja limeoza kabisa, pengine atasema litolewe. Usiogope. Kulitoa mapema kunaweza kumwokoa mwenzake, na dume mwenye kende moja zima anaweza kuzaa.

Kama ni Brusela, neno ni gumu. Dawa zinapunguza vidudu, lakini mara nyingi haziviishi, na ugonjwa unarudi. Mbwa huyo asizae tena kamwe. Atahasiwa na kutengwa, au mwenyewe atakubali auawe bila mateso, kwa ajili ya watu wa nyumba na mbwa wa jirani. Hili ni jambo chungu kwa mwindaji. Lakini kumficha mbwa mgonjwa na kumkopesha kwa wengine ni kumwibia jirani.

Baada ya matibabu usipime uzazi upesi. Kumbuka hesabu ya majuma 10 au 11. Ngoja miezi 3, ndipo manii yatazamwe tena. Wengine wanapata mbegu zao tena. Wengine, ambao kende limekwisha kunyauka, hawapati kamwe.

10. HATARI KWA WATU

Brusela ya mbwa inaweza kumwingia mtu, ingawa si mara nyingi. Ile ya ng'ombe, ya mbuzi na ya nguruwe inaingia kwa urahisi zaidi. Mtu anapata homa inayorudi, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na ya viungo, na uchovu usiokwisha. Watu wanadhani ni malaria, wanameza dawa ya malaria, wala hawaponi. Wanaume wengine wanavimba kende. Mtu mwenye homa ya namna hii aje hospitali na kumwambia munganga, “Wanyama wangu wameharibu mimba,” au, “Nimemsaidia mbwa kuzaa.” Neno hilo moja linaweza kumwonyesha munganga njia. Ugonjwa huu unapona kwa watu, lakini kwa kawaida unataka dawa mbili pamoja kwa majuma 6.

Usimguse kwa mikono mitupu mtoto wa mnyama aliyezaliwa mfu, wala kondo la nyuma. Vaa mifuko ya plastiki mikononi. Mwanamke mwenye mimba na watoto wadogo wasikaribie kabisa. Zika vitu hivyo chini sana, pahali ambapo mbwa hawawezi kufukua, au uvichome. Chemsha maziwa yote kabla ya kunywa.

Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha uje hospitali siku ile ile kwa ajili ya hatari ya kichaa cha mbwa. Usiseme, “Ni mbwa wangu mwenyewe.”

Ndugu waume, kuna neno kwenu pia. Mwanamume naye anaweza kuzaa watoto, kisha akawa tasa bila kujua. Kisonono kisichotibiwa kinaziba mirija ya mbegu. Ule ugonjwa wa kuvimba mashavu, ukimpata mtu mzima, unaweza kushukia makende. Mume huyu ana nguvu za kiume kama zamani, kwa hiyo anamlaumu mke wake, na pengine anamrudisha kwao. Tumeona katika mbwa ya kuwa nguvu si ushuhuda wa mbegu. Kwa hiyo nyumba isiyopata mtoto, waje wote wawili kupimwa, mume na mke, kabla neno la lawama halijasemwa.

11. NAMNA YA KUZUIA

Usimkubali jike mgeni bila kuuliza kama amewahi kuharibu mimba. Usimkopeshe dume mwenye uvimbe. Mbwa mpya akae peke yake kwanza, naye apimwe damu kama pana munganga wa wanyama karibu. Watoto wa mbwa wachomwe sindano ya kuzuia ugonjwa wa Carré na kichaa cha mbwa. Usimlishe mbwa nyama mbichi ya mnyama aliyekufa mwenyewe. Madume wanaopigana wafungwe wakati jike anapotaka dume. Vidonda vidogo vioshwe siku ile ile.

Mnyama hawezi kusema pahali panapomwuma. Ni kazi ya bwana wake kuona. Soma Mithali 12:10, na kufikiri maana yake kwa mtu mwenye mbwa.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Kwa nini makende yamewekwa nje ya tumbo?
2. Mbegu moja inatengenezwa na kukomaa kwa muda wa majuma mangapi?
3. Dume anaweza kumpanda jike naye ni tasa? Eleza sababu.
4. Taja sababu tano za makende kuvimba.
5. Ndama aliyezaliwa mfu afanyiwe nini? Kwa nini asipewe mbwa?
6. Kwa nini kipimo kimoja cha damu hakitoshi?
7. Katika nyumba isiyopata mtoto, nani anapaswa kuja hospitali?